Usafi wa Togwa Nyumbani



Togwa hulindwa na uchachu wake, kwani asidi yake huzuia vijidudu vya maradhi kustawi. Lakini katika nyumba yenye baridi uji huchelewa kuchacha, na kuchelewa huko huvipa vijidudu hivyo nafasi.

Basi mpishi na anawe mikono kwa sabuni, avioshe vyombo na mwiko, kisha avisuuze kwa maji yanayochemka. Uji uliopikwa ukawa vuguvugu, atie kimea cha ulezi kisicho na ukungu, aufunike na kuuweka mahali penye joto.

Togwa ikiwa tayari, iwekwe kwenye friji. Ikiota ukungu, imwagwe yote. Kuengua juu hakutoshi. Hasara ya sufuria moja ni nafuu kuliko mtoto kuharisha.