Barua pepe zote kwenye kikasha kimoja
Msikilizaji wa Migori au Homa Bay, watu wengi hufunguliwa akaunti za barua pepe saibani: moja ya iTax, mfumo wa kodi wa KRA, nyingine ya mkopo wa masomo wa HELB, ya tatu ya kutafutia kazi. Ujumbe wa maana hulala humo bila kusomwa. Ingia katika kila akaunti, badilisha nywila, kisha kwenye mipangilio uagize barua zielekezwe kwenye akaunti unayoisoma kila siku. Utasema, mwizi akiipata hiyo moja amepata zote. Ni kweli, lakini akaunti iliyosahaulika, yenye nywila aliyoiandika mtu mwingine, ni hatari zaidi, kwani ikiibwa hutajua. Hiyo moja unayoisoma kila siku iwekee uthibitishaji wa hatua mbili. Na tovuti usiyoijua ikiomba nywila zako ili ikukusanyie barua, usiipe.