Ndege Huzeekea Ardhini

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Msemaji ni fundi wa ndege mstaafu aliyemaliza hapa mwaka 1973.)



Katibu aliponiandikia niseme machache leo, alinipa ruhusa ya kuchagua jambo lolote alimradi lina manufaa. Nilikusudia kusimulia habari za timu yetu ya mpira ya mwaka 1972, ambayo wengi hapa mmeisikia nami sichoki kuisimulia. Lakini majuma matatu yaliyopita nilipata barua kutoka kwa kijana mmoja wa kidato cha sita wa shule hii. Anataka kuwa rubani. Baba yake yu tayari kuuza ekari tatu za kahawa ili amlipie ada ya chuo cha urubani. Kijana ananiuliza maswali matatu. Je, shirika letu la ndege litakuwapo nitakapomaliza masomo? Je, ndege zake ni nzima? Je, wataniajiri? Nimemwomba ruhusa nimjibu mbele yenu, naye amekubali kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Basi msianze kugeuzageuza shingo kumtafuta.

Nianze na hilo la uzima wa ndege, kwa kuwa ndilo nililolila mkate wake.

Mapema mwaka 1974 niliingia karakana ya East African Airways kule Embakasi, Nairobi, nikiwa mwanagenzi. Kazi yangu ya miezi ya kwanza ilikuwa kushika taa wakati wengine wakitazama. Shirika lile lilianza mwaka 1946, likawa mali ya nchi zetu tatu. Fahari yake ilikuwa Super VC10, ndege ndefu yenye injini nne mkiani, iliyokuwa ikienda mpaka London. Zilinunuliwa tano; moja ilipotea katika ajali ya Addis Ababa Aprili 1972, zikabaki nne. Mwanzoni mwa 1977 shirika lilisimama. Mnajua wenyewe mambo yalivyokuwa katika Jumuiya: madeni, lawama, kila nchi ikivutia kwake. Februari mwaka ule mpaka wetu na Kenya ulifungwa, nasi tukarudi nyumbani na mabegi yetu ya spana.

Sasa sikilizeni habari ya zile VC10 nne. Hazikutupwa. Zilirudishwa Uingereza, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kujazia mafuta ndege nyingine angani. Mbili kati yake zilikuwa zimeandikishwa kwetu, 5H-MMT na 5H-MOG, na hiyo ya pili ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuundwa. Ziliendelea kuruka mpaka Septemba 2013. Hesabuni: shirika lilikufa 1977, na ndege zake zikaendelea kufanya kazi miaka 36 baadaye mikononi mwa watu wengine. Niliposoma habari ile gazetini nilikuwa na wajukuu tayari. Nilikaa kimya kitambo, nikafikiri: kumbe ile niliyokuwa nikiimulika taa ilinizidi kwa utumishi.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akiulizwa habari za ndege akajibu kwa umri tu: hii ina miaka ishirini, ni mkweche; ile ni mpya, ni salama. Ndege haizeeki kama gari la abiria la kwenda Kariakoo. Kila inaporuka, ndani yake hujazwa hewa ili abiria wapumue kule juu. Bati la kiwiliwili huvimba kidogo sana. Inapotua, hunywea. Kuvimba na kunywea huko mara moja ndiko tunakoita mzunguko mmoja, na mizunguko ndiyo inayoleta nyufa kwenye matundu ya ribiti, nyufa nyembamba kuliko unywele. Mwezi Aprili 1988 Boeing 737-200 moja ya huko Hawaii ilipasuka paa ikiwa angani, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ilikuwa na umri wa miaka 19 tu. Lakini ilikuwa imekwisha fanya mizunguko 89,680, kwa maana ilikuwa ikirukaruka baina ya visiwa, safari fupi fupi, katika hewa ya chumvi. Ninyi mnaojua safari ya Dar es Salaam kwenda Unguja, dakika ishirini hivi juu ya bahari, mtaona kwa nini mafundi wa kwetu waliisoma ripoti ile kwa makini.

Hata hivyo nyufa hutafutwa, zikapatikana, zikazibwa. Kuna ukaguzi mdogo wa kila baada ya majuma, kuna mkubwa wa kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, na kuna ule wa kuifungua ndege yote mpaka inabaki mifupa. Ndege inayopata haki yake hiyo itazeeka kwa heshima. Inayonyimwa haitazeekea angani. Itazeekea ardhini, imeegeshwa kando ya uwanja, matairi yakikauka na ndege wa kweli wakijenga viota ndani ya injini.

Nimeiona hiyo kwa macho yangu. Kampuni moja niliyopata kuifanyia kazi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na ndege mbili za aina moja. Siku moja pampu ya mojawapo iliharibika. Fedha za kuagiza nyingine hazikuwapo, au zilikuwapo zikaenda kwingine. Tukaamriwa tutoe pampu kwa mwenzake "kwa siku mbili tatu". Baada ya pampu likaja gurudumu, kisha redio, kisha kioo. Katika muda wa mwaka mmoja ile ndege ya pili ikawa duka letu la vipuri, na kila tulipoingia ndani yake tulitoka na kitu. Mhasibu alituonyesha kwamba tumeokoa fedha. Nami nilitia sahihi karatasi za kutoa vipuri vile, kila kimoja. Hilo najilaumu mpaka leo, maana fundi ana haki ya kuiweka kalamu chini, nami sikuiweka.

Sasa habari za shirika letu wenyewe. Air Tanzania ilizaliwa mwaka ule ule wa 1977. Mwishoni mwa miaka ile ya sabini ilipata Boeing 737-200, ndege ngumu, mlafi wa mafuta, nasi tuliipenda. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa ziliuzwa kwa shirika la Afrika Kusini. Mwaka 2006 serikali ikazirudisha. Desemba 2008 mamlaka ya usafiri wa anga ililinyang'anya cheti cha kurusha ndege kwa muda. Machi 2010 Boeing 737-200 yake iliharibika ilipotua Mwanza, na Aprili 2012 Dash 8 ikavunjika Kigoma ilipokuwa ikiondoka; kwa rehema za Mungu wote waliokuwamo walitoka salama. Shirika likabaki karibu mikono mitupu. Kisha mwaka 2016 zikaja Q400 mbili mpya, na mwaka 2018 Boeing 787 na Airbus A220, na mwaka 2023 Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX. Watu walikwenda uwanjani kuzilaki, maji yakirushwa juu yake kama upinde, nami nilikwenda. Nililia kidogo, msimwambie mke wangu.

Lakini mwishoni mwa mwaka 2022 baadhi ya zile A220, ambazo hazikuwa na miaka mitano, zilisimamishwa. Aina ile ya injini zilikuwa zikichoka mapema kuliko alivyoahidi mtengenezaji, na siyo kwetu tu. Mashirika mengi duniani yalipanga foleni kungoja injini. Shirika lenye ndege nyingi hupanga upya ratiba yake likaendelea. Lenye ndege nne za aina ile hukosa pumzi. Kwa hiyo, kijana wangu, jibu la swali lako la pili ni hili: ndege ni mpya, na upya wake haujatosha kuziweka hewani.

Tazameni pia aina zenyewe nilizozitaja. Q400, A220, 787, 737 MAX, 767, na ile Dash 8 ndogo ya zamani. Aina sita. Rubani wa Q400 hawezi kuamka asubuhi akaingia katika 787. Lazima asomee aina ile, afanye mazoezi katika mtambo wa kuigiza, ambao mara nyingi uko ng'ambo, atahiniwe, aandikwe katika leseni. Fundi naye vivyo hivyo. Kila aina ina ghala lake la vipuri na vitabu vyake. Mimi si mtaalamu wa biashara, lakini katika karakana tulijua kwamba shirika dogo lenye aina nyingi ni sawa na mwenye duka mwenye wake sita: kila nyumba inadai mafuta yake ya taa. (Mwenyekiti ananitazama vibaya. Naendelea.)

Na safari? Hapo ndipo penye mashaka zaidi, maana njia ya ndege haishikwi na rubani peke yake. Juni 2019 shirika lilianza kwenda Johannesburg. Agosti mwaka huo huo Airbus yake ilizuiliwa huko kwa amri ya mahakama, kwa ajili ya deni la zamani ambalo mtu mmoja aliidai serikali, si shirika. Iliachiwa Septemba. Rubani wa ndege ile hakukosa lolote, abiria hawakukosa lolote. Tena, kwa muda mrefu tumeisikia habari ya kurudi London. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka shirika letu katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukayatia mashirika yote yenye cheti cha Tanzania. Wengi walidhani tatizo ni ndege. Someni sababu zilizotolewa: mojawapo ni upungufu wa watu wenye ujuzi, na nyingine ni udhaifu wa usimamizi wa urushaji na wa uzima wa ndege. Watu, ndugu zangu. Wakaguzi na wale wanaotunza karatasi, wanaoweza kusema hii hairuki leo, na wakubwa wakawasikiliza.

Nije basi katika ekari tatu.

Kijana akitoka chuoni na leseni ya biashara huwa na saa mia mbili hivi za kuruka. Leseni kamili ya kuwa kapteni wa ndege kubwa hudai saa 1,500. Baina ya mia mbili na elfu moja na mia tano kuna bonde, na katika bonde hilo nimewaona vijana wazuri wakikaa miaka, leseni imo sandukuni, wakiuza vocha za simu. Mashirika makubwa hutaka mwenye saa. Mwenye saa akishapatikana na kufundishwa aina, Waarabu wa Ghuba wanampigia simu, naye huenda, wala simlaumu. Hivyo shirika linaajiri wakati wote na halitoshelezwi, na huku nje wako wasioajiriwa. Saa hupatikana kwenye ndege ndogo, zile Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na Mafia. Kazi ile ni ngumu, viwanja ni vya vumbi, twiga huvuka, lakini humfanya mtu kuwa rubani. Anayedharau Caravan asinunue tikiti ya kwenda chuoni.

Zamani serikali zetu zilikuwa na dawa ya jambo hili. Mwaka 1971 Jumuiya ilifungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, na vijana wa nchi tatu walisoma pale pamoja. Chuo kipo hata leo. Uchunguzwe mlango huo kwanza, na kila mlango wa ufadhili, kabla hamjagusa shamba la mtu. Mzigo wa kumfunza rubani wa taifa si mzigo wa kumwangusha mkulima mmoja wa kahawa. Hilo nalisema mbele ya wakubwa wa serikali waliomo ukumbini humu, nao wananijua, tulilala bweni moja.

Kuna na mlango wa pili, ambao kijana hakuuliza, nami nauchomeka kwa upendeleo wa wazi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha ufundi wa ndege. Hisabati na fizikia ndizo funguo. Ni njia ya miaka mingi mpaka kupata leseni ya kutia sahihi, wala hakuna kofia yenye dhahabu, kuna grisi. Lakini sijapata kumwona fundi mwenye leseni akiuza vocha.

Swali la kwanza nimeliacha mwisho: shirika litakuwapo? Nimeshuhudia moja likifa na jingine likianguka na kuinuka zaidi ya mara moja. Siwezi kumwekea rehani kahawa ya mzee kwa neno langu.

Baba yake nimemwandikia juzi. Nimemwomba asiuze kitu mpaka matokeo ya kidato cha sita yatoke, kisha waje wote wawili nyumbani kwangu, tukae na karatasi na kalamu tupige hesabu ya hizo saa 1,500. Kijana mwenyewe, na mwingine yeyote anayetaka, anikute katika maabara ya fizikia baada ya chakula cha mchana. Nimekuja na kipande cha bati la Boeing ya zamani, kina ufa. Leteni lenzi, maana bila hiyo hamtauona.