Kanisa Chini ya Mkuyu

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulitamani lakini wachache hujua namna ya kulianza, yaani kuanzisha kanisa la Kikristo katika mtaa usio na kanisa. Hatuji mbele yenu kama watu waliofaulu kila mara. Tulishindwa kwanza, kisha tukafaulu, na kule kushindwa ndiko kulikotufundisha zaidi.

Mahali tunapopanena ni upande wa Suguti, kusini ya mji wa Musoma, karibu na Ziwa Victoria. Mto Suguti hupita huko ukienda kumwaga maji yake ziwani. Wenyeji wa pande hizo ni Wajita, Wakwaya, Waruri na wengineo, watu wa jembe, wa ng'ombe na wa nyavu. Wakati wa kiangazi mtu aweza kuvuka kwa miguu kwenda kusali, lakini mvua za masika zikinyesha sana, kitongoji kilicho ng'ambo hukatwa na wenzao. Haikuwa kwamba watu wa huko hawakutaka kusali. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kupita katika maji yafikayo kifuani, wala mzee mwenye mkongojo hawezi. Basi wagonjwa walikaa bila kuombewa, na wafu walizikwa bila mtu wa kuwafariji wafiwa. Hiyo ndiyo haja tuliyoiona.

Yafaa kwanza tukumbuke namna makanisa yalivyoanza katika nchi hii, maana hayakushuka na mvua. Mwaka 1888 wajumbe wa C.M.S. walifungua kituo Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, na mwaka 1909 kazi ile ikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Mwaka 1911 Mapadre Weupe walianza kazi Nyegina, na ndiko Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alikobatizwa mwaka 1943. Waadventista nao walifanya kazi Majita na Ikizu. Mwaka 1934 Wamenoni kutoka Marekani walianza kazi Shirati. Kabla ya kupiga kambi, Elam Stauffer na Orie Miller walizunguka wakiwauliza waliotangulia ni wapi palipokuwa na haja, wapi watu hawajafikiwa. Baada ya Shirati, kazi ikaenea hata Bukiroba na Mugango.

Twawaomba mlishike neno hilo, kwa kuwa ndilo shauri letu la kwanza: ulizeni kabla hamjaanza. Si vema kujenga kanisa mlango kwa mlango na kanisa la jirani ili kugawana kondoo walewale. Hilo si kupanda shamba jipya. Ni kuvuna katika shamba la mwenzako. Mahali pasipo na mtu ndipo pa kwenda.

Sasa tuwaeleze kosa letu. Tulipokwenda ng'ambo mara ya kwanza, tulichukua kengele, vitabu, na ahadi. Tulifika asubuhi ya Jumapili, tukasimama chini ya mkuyu mkubwa, tukaipiga kengele kwa nguvu. Walikuja watoto sita na mzee mmoja. Mzee yule alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, “Walimu, mgeni hupiga hodi. Ninyi mmepiga kengele.” Tulicheka kidogo, tukadhani ni mzaha wa wazee. Haukuwa mzaha.

Hata hivyo watu walianza kuja, maana ahadi yetu ilikuwa tamu. Tuliwaambia kwamba rafiki mmoja wa mbali atatuletea mabati, na wao wafyatue matofali mabichi tu. Wanaume walikanyaga udongo, na akina mama walichota maji mtoni kwa vichwa vyao, siku baada ya siku. Kuta zikasimama hata kufika kimo cha mtu. Mabati hayakuja. Mvua zikaja. Kwa siku chache kuta zikayeyuka, zikawa kichuguu cha tope. Mama mmoja alisimama karibu nasi akitazama, akasema, “Mwalimu, maji niliyoyachota yamerudi mtoni.” Hatukuwa na jibu. Jumapili iliyofuata hapakuja mtu ila mzee yule.

Basi tulimwendea mzee huyo nyumbani kwake, bila kengele. Tulibisha hodi, tukaketi, tukamwomba radhi, naye akatupeleka kwa wazee wenzake. Tulikuwa tumezoea kuwafundisha wengine katika chuo chetu. Siku ile tulikuwa wanafunzi. Tuliwauliza: “Ninyi wenyewe mwataka nini?” Hawakutaja mabati. Walitaka watoto wao wajue kusoma, na walitaka mtu wa kusimama nao siku ya msiba. Hilo ndilo shauri la pili: jueni haja ya watu kwa kinywa chao wenyewe, wala msiwabunie.

Shauri la tatu ni la kiwanja. Sisi tulikuwa tumependa kilima kimoja chenye hewa nzuri. Wazee walitueleza kwamba huko ndiko baba zao walikofanya matambiko, na watu wengi wangeona uchungu tukipalima. Wengine kati yetu walitaka kushindana, wakisema kwamba Mkristo haogopi kilima. Ni kweli haogopi, lakini je, yampasa kumwumiza jirani yake ili aonyeshe kwamba haogopi? Tulikubali mahali walipotuonyesha, penye mkuyu, kando ya njia. Tena tusitosheke na neno la mdomo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Yafaa ombi lipelekwe huko, lijadiliwe mbele ya watu, na uamuzi uandikwe. Mzee aliyetoa kiwanja kwa moyo mweupe hufa, na wanawe waweza kudai, wala si kosa lao ikiwa hapana karatasi. Na kama mwataka kuwa kanisa linalojitegemea, lisilo tawi la kanisa lililokwisha andikishwa, ni lazima mjiandikishe Serikalini.

Shauri la nne: jengeni kadiri ya nguvu zenu. Mara ya pili hatukuahidi kitu. Tulikata miti na fito, tukafunga kwa kamba, tukakandika udongo, tukaezeka kwa nyasi. Kila nyumba ilileta mzigo wa nyasi, hata nyumba za wasiosali. Jengo lile lilikuwa dogo, na upande mmoja ulipinda kidogo. Lakini paa lilipovuja, hapana aliyengoja barua kutoka mbali. Mtu alipanda juu akatia nyasi. Sadaka zao zilikuwa mtama, mihogo mikavu, samaki, na sarafu chache. Kila mwezi hesabu ilisomwa kwa sauti chini ya mkuyu, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuuliza. Fedha ya kanisa isiyosomwa hadharani huvunja kanisa upesi kuliko mvua.

Shauri la tano ndilo lililo gumu kwetu sisi walimu: mkabidhini kazi mwenyeji. Tazameni tena Wamenoni wa Shirati. Walifika mwaka 1934. Wachungaji wao Waafrika wa kwanza waliwekewa mikono mwaka 1950. Na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Ni miaka 33. Tukisoma habari hizo twaona kwamba kanisa halijawa la wenyeji mpaka mwenyeji analiongoza, anakosea, anasahihishwa na wenzake, na kuendelea. Basi mtaani ng'ambo tulimchagua kijana mvuvi, asiye na elimu kubwa, lakini mwaminifu wa neno lake. Jioni tulimfundisha kusoma vizuri mbele ya watu na kuandika hesabu. Mashaka tulikuwa nayo, twakiri.

Ikaja Jumapili moja ya masika. Mto ulifurika, nasi tulingoja kwenye ukingo tangu asubuhi hata jua likapanda. Maji yalipopungua kidogo, tulivuka tukiwa tumelowa, tukienda mbio, tukiwaza, “Watu wametawanyika, siku imepotea.” Tulipokaribia tulisikia kuimba. Tulisimama nje kando ya ukuta uliopinda. Ndani kijana yule alikuwa akisoma polepole, akikwama katika neno moja, na mtoto mmoja mdogo akamsaidia kulitamka. Hapana aliyecheka. Mzee wetu alikuwa ameketi mbele, ameegemea mkongojo wake.

Twawaambieni kweli, kwanza tuliona uchungu. Walikuwa wameanza bila sisi! Kisha tukaona haya kwa uchungu ule, na baada ya haya ikaja furaha. Tuliingia kimya, tukaketi nyuma kwenye mkeka pamoja na watoto. Ibada ilipokwisha mzee alitujia akatushika mikono, akasema, “Leo hamkupiga hata hodi.” Tukamjibu, “Mzee, leo tumefika nyumbani.”

Basi ninyi mnaosikiliza, labda ng'ambo ya mto wenu upo mtaa kama ule. Msianze kwa kuhesabu mabati. Anzeni kwa kuvuka, kubisha hodi, na kuketi. Yaliyobaki wenyeji watawafundisha, kama walivyotufundisha sisi.