Wakala wa Motokaa: Rafiki au Kupe?



Leo nasema juu ya motokaa. Wengi huuliza: kwa nini mtu asinunue kwa mwenye kiwanda mwenyewe, akaokoa faida ya wakala aliye katikati?

Tazameni Marekani. Biashara ilipolala mwaka 1920 na 1921, Henry Ford hakutaka kukopa kwa wenye benki. Aliwapelekea mawakala wake magari wasiyoyaagiza, akataka walipe taslimu. Aliyekataa aliogopa kunyang'anywa uwakala. Baadaye mawakala walidai sheria za kuwakinga. Majimbo yakazitunga, na mwaka 1956 Bunge la nchi hiyo likawapa haki ya kukishitaki kiwanda kinachowadhulumu.

Basi, ndugu zangu, sheria hizo zilitungwa kumkinga mdogo. Lakini ngao ile imegeuka ukuta. Ikaja Tesla, kampuni isiyo na mawakala, ikitaka kuuza yenyewe. Mwaka 2014 jimbo la Michigan likakaza sheria. Kesi ikafika mahakamani, ikaisha kwa mapatano mwaka 2020. Huko Texas kampuni hiyo ilifungua kiwanda kikubwa mwaka 2022, na bado sheria ya jimbo hairuhusu kiwanda kumwuzia mwananchi gari dukani kwake. Jirani wa kiwanda huagiza kwa intaneti kama mtu wa mbali!

Na sisi je? Magari yetu mengi hutoka Japani, yamekwisha tumika. Mmoja huagiza mwenyewe huko huko. Mwingine hununua yadi hapa mjini. Anayeagiza huepa faida ya mwenye yadi, lakini hutoa fedha kabla hajaligusa gari, na ushuru na gharama za bandari humngoja. Wa yadini huliona gari, huliwasha, hupatana bei. Wala msidanganyike: anayewauzia kutoka Japani kwa kawaida si kiwanda. Naye ni mchuuzi, ila yuko mbali.

Kwa hiyo tusimchukie mtu wa katikati bure. Tumwulize: unafanya kazi gani? Kama anakagua gari, anaweka vipuri, na likiharibika analitengeneza, huo ni ujira wake halali. Kama kazi yake ni kuziba njia tu, huyo ni kupe.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro hawakukaa wakiwalalamikia wachuuzi. Mwaka 1933 waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, wakauza kahawa yao pamoja. Nasi wenye daladala na teksi tunaweza kufanya hivyo: tuchange, tumtume fundi wetu akakague, tuagize magari kumi kwa mkataba mmoja, na kila senti iandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mnunuzi mmoja huambiwa bei. Wanunuzi kumi huulizwa bei.