Amplifaya Yetu Isiuzwe

Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja, fundi wa redio, katika mkutano wetu wa mwaka



Nashukuru kupewa nafasi ya kusema kabla ya chakula. Najua mtu mwenye njaa hapendi hotuba ndefu, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Kamati iliniomba niikague amplifaya ya gitaa iliyomo katika chumba cha muziki, kisha nieleze mbele yenu kama iuzwe au ibaki. Mnunuzi yupo, na tumeambiwa fedha zake zitatosha kununulia viti vya bwalo. Hoja ya wanaotaka iuzwe ni kwamba wapiga gitaa watatu wameijaribu, na kila mmoja ameondoka akisema haina sauti nzuri. Jibu langu nalitoa mapema: isiuzwe. Sasa naomba mnivumilie nieleze sababu.

Chombo hiki ni Mesa/Boogie aina ya Mark V, kilichoanza kutengenezwa Marekani mwaka 2009. Mwenzetu anayeishi huko alikitumia, kisha akakituma kwa meli kiwe mali ya shule. Asili yake ni fundi mmoja wa California, Randall Smith, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alichukua amplifaya ndogo ya Fender Princeton, akaitia transfoma zenye nguvu zaidi na spika ya inchi 12. Kisanduku kidogo kikaanza kushindana na makubwa. Carlos Santana alikijaribu, na maneno yake ya kukisifu ndiyo yaliyozaa jina la Boogie. Tangu hapo zilitolewa aina mbalimbali, na Mark V ilikusudiwa kukusanya sauti za zile zilizotangulia ndani ya sanduku moja.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Ina chaneli 3, na kila chaneli ina namna 3 za sauti. Jumla ni namna 9. Kila chaneli ina vitufe 6 vya kuzungusha. Jumla ni 18. Kuna vijiti 5 vya kusukuma juu na chini, na swichi za kuchagua nguvu ya wati 10, 45 au 90. Mtu akizungusha vitu vyote hivyo kwa pamoja, hata sauti nzuri ikitokea hajui imetoka wapi, na kesho haioni tena. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mimi niliomba Jumamosi tatu na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wenye daftari. Sheria yetu ilikuwa moja: kugusa kitu kimoja tu kwa wakati, na kuandika tulichosikia kabla ya kugusa kingine.

Jumamosi ya kwanza tulibaki chaneli ya kwanza, kwenye sauti safi, wati 10, vijiti vimezimwa, vitufe vya besi, kati na trebo vyote nusu. Tuligundua kwamba trebo ndiye mwenye nyumba. Ukimpandisha sana, besi na kati huwa kama wageni. Unawazungusha lakini hawasikiki sana. Basi tukaandika: trebo apangwe kwanza, wengine wamfuate.

Vilevile tulipima nguvu. Wengi hudhani wati 90 zina sauti maradufu ya wati 45. Sivyo. Tofauti yake ni desibeli 3 tu, ambayo sikio huiona kuwa nyongeza ya kiasi. Ili sikio lisikie sauti imekuwa maradufu, nguvu inatakiwa iongezwe kama mara kumi. Kwa chumba chetu cha muziki, wati 10 zinatosha na kubaki.

Jumamosi ya pili tulijifunza kutofautisha geini na masta. Geini ni kiasi unachoipiga sauti kwenye valvu za mwanzo. Ukizidisha, sauti huanza kukwaruza. Masta ni kiasi unachoiruhusu itoke nje. Mtu anaweza kupata mkwaruzo mkubwa kwa sauti ya chini, au sauti safi yenye nguvu, akijua vitufe hivi viwili vinavyosaidiana.

Jumamosi ya tatu tuliingia chaneli ya tatu, ile iliyowashinda wapiga gitaa wetu. Tuliweka besi nusu kama tulivyozoea, tukapandisha geini, na sauti ikawa nzito, imevurugika kama uji wenye madonge. Hapo mmoja wa wanafunzi wale akauliza swali ambalo ndilo ufunguo wa chombo chote: "Mzee, hicho kitufe cha besi kiko kabla ya mkwaruzo au baada yake?"

Ndugu zangu, nilifurahi sana. Katika chaneli ile vitufe vya besi, kati na trebo viko mapema njiani, kabla ya valvu zinazoleta mkwaruzo. Vile vijiti 5 viko baada yake. Sisi tuliofyatua matofali ya mabweni ya shule hii tunalielewa jambo hilo. Udongo ukizidi maji kabla ya kuingia kwenye kibao, tofali halinyooki, hata ukilipaka chokaa baadaye. Basi tukashusha besi karibu na sifuri, mkwaruzo ukasafika. Kisha uzito tuliouondoa tukaurudisha kwa kijiti cha kwanza, cha hezi 80, ambazo ziko karibu kabisa na uzi mnene wa gitaa. Sauti iliyotoka iliwafanya wanafunzi wa bweni la jirani waje madirishani.

Tukajifunza na jambo la mwisho. Wapiga gitaa wengi hupenda kushusha kijiti cha katikati, cha hezi 750, na kupandisha vya pembeni. Ukipiga peke yako ni tamu. Lakini tulipowaita wa besi na wa ngoma, gitaa likapotea kabisa, maana besi na matoazi wamekwisha kushika pembe zote mbili. Tulipokirudisha kijiti cha katikati, gitaa la solo likasikika, na hatukuongeza wati hata moja. Kwa muziki wetu wa dansi, ambao magitaa huzungumzana, hilo ni somo kubwa.

Ndugu Mwenyekiti, kwa hiyo chombo ni kizima. Kilichokosekana ni watu wa kukijua, na sasa wapo wawili. Tukikiuza tutapata viti, lakini tutakuwa tumewanyang'anya vijana hawa kitu walichokwisha kukifungua kwa akili zao wenyewe.

Iwapo mkutano utakubali kibaki, naomba mambo manne. Kwanza, kinunuliwe transfoma imara ya kushusha umeme, maana chombo hiki ni cha volti 120 na umeme wetu ni volti 230. Kikichomekwa ukutani moja kwa moja kitaungua. Pili, tuweke akiba ya valvu: 4 za 6L6 za kutoa nguvu, na chache za 12AX7. Tatu, ubandikwe mlangoni uandishi wenye maonyo: kisiwashwe bila spika kuungwa, maana transfoma ya ndani inaweza kufa; valvu zipewe nusu dakika ya kupata moto kabla ya kupigwa; na asiyekuwa fundi asikifungue, kwa kuwa ndani yake umeme mkali huweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Nne, daftari la wale vijana litunzwe maktaba, na kila mwaka wanaomaliza wawafundishe wawili wanaobaki.

Kuhusu viti, mimi natoa vitano. Naamini katika ukumbi huu hatutakosa wa kutoa vilivyosalia.