Miguu ya Mtoto Mwenye Kisukari: Maelezo ya Mazungumzo kwa Wananchi na Watumishi wa Serikali



Mazungumzo yetu yanawahusu watoto wenye maradhi ya kisukari, na khasa jambo ambalo mtoto mwenyewe aghlabu halisemi, nalo ni kuharibika kwa mishipa ya fahamu.

Kisukari kinachowapata watoto wengi ni cha aina ya kwanza, ambapo mwili wenyewe hushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Mzazi hakukileta kwa halua wala kwa soda, na maneno hayo ya barazani yafaa yakome. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huidhuru mishipa ya fahamu pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Ile mirefu zaidi, inayofika nyayoni, ndiyo hutangulia kuathirika.

Kwa mtoto, ganzi kamili ni nadra. Madhara huanza kimya kimya, na mara nyingi hugunduliwa kwa vipimo tu. Basi akisema nyayo zinamwaka usiku, au zinamchoma kama sindano, asiambiwe anadeka. Na akirudi chuoni na mwiba mguuni pasipo kulalamika, hilo lisidhaniwe kuwa ni ushujaa.

Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada baina ya 1983 na 1993, kwa wagonjwa 1,441 wa umri wa miaka 13 hadi 39, ulionyesha kuwa udhibiti makini wa sukari ulipunguza hatari ya madhara hayo kwa kiasi cha asilimia 60, ukilinganishwa na matibabu ya kawaida ya wakati ule. Kwa hiyo sindano ya insulini isirukwe, hata mtoto akionekana mzima.

Mtoto wa aina hiyo aliyeishi na maradhi kwa miaka 5, akitimia umri wa miaka 10 au akibaleghe kabla ya hapo, hupaswa kupimwa miguu kila mwaka. Kipimo hakiumizi: wayo huguswa kwa uzi wa nailoni, naye mtoto, macho kayafumba, hueleza anapohisi.

Nyumbani, mzazi atazame nyayo na baina ya vidole kila jioni. Viatu vivuliwe mlangoni mwa chuo, si njiani. Wakuu wa idara nao wanaombwa wawape ruhusa wafanyakazi wenye watoto hawa kila ifikapo siku ya kliniki.