Pumzi za Vijana Katika Likizo ya Desemba

Orkesta ya ala za kupuliza ni kundi la wanamuziki ambao karibu wote hutoa sauti kwa pumzi zao wenyewe, na inatofautiana na orkesta kubwa ya kawaida kwa kuwa haina safu za fidla za kubeba wimbo, bali wimbo huo hukabidhiwa filimbi, klarineti na saksofoni, huku tarumbeta, tromboni na tuba zikiupa uzito, na ngoma na matoazi yakishika mapigo nyuma ya wote. Kundi la namna hii likiwa la vijana, onyesho lake kubwa aghalabu huwekwa katika likizo ya Desemba, wakati shule zimefungwa na jamaa waliotawanyika mijini wamerudi nyumbani. Mengi husemwa juu ya wapigaji. Maoni haya yanamhusu zaidi yule anayekwenda kuwasikiliza, kwa sababu asipokuja yeye, orkesta ya vijana haidumu.

Kwa mkazi wa Kianjai, mji wa soko ulio kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, onyesho kama hilo huweza kuonekana kuwa la watu wengine. Desemba ya Tigania, eneo uliko mji huo, imezoea kwaya za kanisa, na anayetaka kusikia orkesta kamili ya kupuliza kwa kawaida hutazama upande wa Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo ugeni huo ni wa umbali tu, si wa asili, na ushahidi wa kwanza umo katika mti.

Klarineti na obo zilizo bora duniani huchongwa kwa mpingo, mti ambao Tanzania inauhesabu kuwa mti wake wa taifa na ambao hukua pia katika nyanda kavu za Kenya. Moyo wa mti huo ni mweusi, na ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama. Uzito huo, pamoja na mafuta yaliyomo ndani ya mbao, humwezesha fundi kutoboa tundu laini lisilonyonya upesi unyevu wa pumzi. Mti wenyewe hauna haraka, kwani huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kukatwa, na ndiyo maana ulinzi wake umekuwa jambo la vijiji vizima: huko Kilwa, kusini mwa Tanzania, misitu inayosimamiwa na wanavijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, ambacho huthibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuangamizwa. Vipande vya mbao vilivyopasuliwa husafirishwa hadi Ulaya, ambako karakana za Ufaransa huvigeuza kuwa klarineti. Klarineti nyingi za wanafunzi, kwa upande mwingine, ni za plastiki, kwa kuwa za mpingo ni ghali, na jambo hilo linauma: mtoto wa Afrika Mashariki hujifunzia plastiki ilhali mti wa kwao unapulizwa Paris.

Ushahidi wa pili ni wa historia. Kabla ya tarumbeta la shaba kufika, jamii nyingi za Kenya ziliitana kwa pembe ya mnyama, na Waswahili wakawa na msemo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, mbiu ikiwa ni pembe yenyewe iliyopulizwa kuwakusanya watu. Huko kisiwani Pate palikuwa na siwa ya pembe za ndovu yenye urefu wa zaidi ya mita 2, ambayo mpulizaji wake aliipuliza kwa tundu la ubavuni katika sherehe za watu wakubwa. Kisha, katika miaka ya 1890, vijana wa pwani ya Kenya walizitazama bendi za kijeshi na za misheni, wakaanzisha beni, ngoma ya mashindano iliyochukua jina lake katika neno la Kiingereza la bendi na kuenea hadi Tanganyika na kwingineko, kama alivyoonyesha mwanahistoria Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975. Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, lilileta bendi za shaba za ibada. Kwa hiyo kijana wa leo anayebeba tromboni hafuati mtindo wa juzi.

Tatizo halisi ni kukosekana kwa ghala la ala za pamoja. Tuba moja mpya huzidi bei ya ng'ombe kadhaa, na hakuna kaya ya kawaida inayoweza kuinunua kwa ajili ya mtoto ambaye huenda akachoka nayo baada ya muhula mmoja. Ala hizi huwa na maana zinapomilikiwa kwa pamoja, zikatunzwa mahali pamoja na kuazimwa kwa zamu. Mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge huko Korogocho, jirani na jaa la Dandora jijini Nairobi, umefanya hivyo kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, na watoto wa mtaa ule wamefikia kupiga muziki wa orkesta mbele ya hadhira kubwa. Watu wa Tigania, ambao wamejenga makanisa na madarasa kwa harambee, hawahitaji kufundishwa maana ya kumiliki kitu kwa pamoja.

Msikilizaji anayehudhuria kwa mara ya kwanza anafaa kufika mapema, kwa kuwa dakika za mwanzo zina elimu yake. Kiongozi wa orkesta huomba noti moja ndefu, na kila kundi huiiga hadi sauti zote zilingane. Ala hizo huwa zimekwisha kupashwa moto kwa pumzi, maana kasi ya sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kila joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, na tarumbeta lililotolewa kwenye sanduku asubuhi ya mvua hulia chini ya noti yake mpaka lishike joto la mpigaji. Baadaye, muziki ukiendelea, inafaa kumtazama yule wa tarumbeta la tatu, ambaye huenda akanyamaza kwa mipigo 80, akihesabu kwa kidole kwenye paja, ili aingie na noti nne tu mahali pake. Nidhamu hiyo ya kunyamaza huku ukihesabu ni ngumu kuliko kupuliza, na mzazi aliyeiona kwa mwanawe hatakiwi kuuliza kwa nini alipiga kidogo.

Katika maonyesho ya Krismasi hupigwa mara kwa mara kipande kiitwacho Sleigh Ride, cha mtunzi Mmarekani Leroy Anderson, kinachoigiza kigari cha farasi kikiteleza juu ya theluji. Vibao vya mbao hulia kama kwato, na karibu na mwisho tarumbeta hulia kama farasi. Anderson alianza kukitunga katika joto kali la Julai 1946, na kikapigwa kwa mara ya kwanza Boston mwezi Mei 1948, miezi isiyo na theluji wala sikukuu. Mtoto wa Kianjai, ambaye theluji anaijua kwa mbali kileleni mwa Mlima Kenya, akizisikia kwato hizo atamwona punda wa kubeba maji, na atakuwa amesikia sawasawa.

Makofi yakiisha, hadhira huanza kutoka, na hapo hubaki kazi ambayo wachache huisubiri. Wapigaji wa shaba hufungua vijitundu vya chini ya mabomba na kupuliza nje maji yaliyokusanywa na pumzi zao, wale wa klarineti huvuta kitambaa ndani ya tundu hadi kitoke na unyevu, kisha masanduku hufungwa na kupelekwa mezani, ambako mtunza ghala husoma namba iliyobandikwa kwenye kila sanduku na kuiandika daftarini, akiacha wazi nafasi ya jina la mtoto atakayeazima ala hiyo Januari.